Siku moja, mashine tatu za kufulia zilizogoma kumwaga maji

Saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwangu Umoja, Nairobi. Simu inalia kabla chai haijachemka. "Fundi, mashine imejaa maji, mlango umekataa kufunguka, na nguo za shule ziko ndani!" Namwambia achomoe plagi na asiuvute mlango. Kitasa hakiachii maji yakiwa bado juu, na ukikivunja hiyo ni kazi nyingine, na pesa nyingine.

Saa moja unusu. Matatu hadi mjini, nyingine hadi South B. Jogoo Road imesimama, kama kawaida yake.

Saa tatu kasorobo. Mama mwenye nyumba ananiambia kuna fundi aliyeambiwa shida kwa simu tu, akasema pampu imekufa. Pampu huuawa upesi sana mji huu. Mimi huanza na sikio. Tunarudisha plagi, naiweka kwenye kumwaga, nainama. Mngurumo mzito, maji hayasogei. Pampu inayonguruma iko hai, ila kuna kitu kimeikaba. Ingekuwa kimya kabisa ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Nachomoa tena. Filta iko chini kulia, nyuma ya kifuniko kidogo. Beseni haliingii pale, kwa hivyo hubeba sinia. Nalegeza kidogo, maji yanajaa sinia, nakaza, namimina kwenye ndoo, nalegeza tena. Kazi ya subira hiyo, na goti linauma. "Usiyamwage, fundi, leo si zamu yetu ya mgao," mama anasema. Ndoo nne zinapelekwa chooni.

Filta inatoka na vibanio viwili vya nywele, sarafu ya shilingi kumi na uzi mwingi. Wengi wangerudisha hapo na kuomba malipo. Namulika shimo kwa simu: waya wa sidiria umejikunja kwenye kifeni cha pampu. Nauvuta kwa koleo, kisha nazungusha kifeni kwa kidole. Kinaenda kwa kushtukashtuka.

"Si bado kimekwama?"

"Hapana mama, ndani kuna sumaku. Ndivyo kinavyozunguka kikiwa kizima." Kinachoteleza laini bila kushika popote ndicho hunitia shaka. Tunajaribu, maji yanatoka kwa kishindo, mlango unafunguka. Mtoto anadai sarafu ni yake. Hakuna anayembishia.

Saa sita, Luthuli Avenue. Natafuta pampu ya mashine ya Kilimani. Hiyo kweli ilikufa: nilipoipima jana mita haikusoma chochote, wakati nzima husoma ukinzani wa umeme wa karibu omu 150 hadi 200. Nimekuja na ile kuukuu mkobani, maana zipo za skrubu na zipo za kubana, na kwenye picha ya simu zote hufanana. Muuzaji wa kwanza anajaribu kunipa "inayofanana tu". Nahamia duka la pili. Chapati madondo, nasonga.

Saa nane, Kilimani. Dakika ishirini. Pampu imeingia, malipo yameingia kwa M-Pesa, kwaheri.

Saa kumi unusu, Pipeline, ghorofa ya tano bila lifti. Hapa ni mashine ya matangi mawili, moja la kufua na moja la kukamulia. Dada ameninunulia soda kabisa, ana hakika kazi ni kubwa. Naangalia tu mpira wa kutolea maji: ameuinua na kuutundika kwenye sinki, kama alivyoona kwa dadake. Lakini ya dadake ina pampu ya kuyasukuma maji juu, hii haina. Maji hushuka kwa uzito wake yenyewe, kwa hivyo mpira lazima ulale chini. Naulaza, nageuza kitufe, tangi linaanza kupungua. Anacheka mpaka anashika ukuta. Namtoza nauli tu, na soda nimekunywa.

Saa mbili unusu usiku. Niko nyumbani, viatu nje, ujumbe unaingia kutoka Pipeline. Picha: mpira umelala chini vizuri, mashine tupu, na bafu zima limejaa povu. Shimo la sakafuni limeziba. Namjibu kwamba hiyo ni kazi ya fundi bomba. Kisha nauliza kama ana waya mrefu, au nibebe wangu kesho.