Nairobi–Mombasa kwa ndege: ile saa moja ya kwenye tiketi

Kwenye tiketi wameandika safari ni ya saa moja na wala hawajakudanganya. Uwanja wa JKIA Nairobi mpaka uwanja wa Moi kule Mombasa ni kama kilomita 420 hivi ukipima moja kwa moja angani, barabara ndo inakaribia 480. Kwa jeti hiyo ni kitu cha dakika arobaini hewani, basi, zilizobaki ni ndege kusukumwa nyuma, kujikokota hadi kwa ranwei na kungoja zamu (JKIA ranwei ni moja tu, ndege za mizigo, za Dubai, za Kisumu, wote wanagombania hapohapo) alafu ukishatua kuna kutafuta pa kuegesha. Saa ya kwenye tiketi inahesabu hayo yote, kuanzia ndege inapotoka pale ilipoegeshwa hadi isimame tena.

Ndo maana unapewa juisi hujaimaliza washapita kukusanya vikombe. Omba dirisha upande wa kulia, asubuhi kukiwa hakuna mawingu Kilimanjaro unaiona vizuri tu, alafu kabla hujatoa simu upige picha masikio yashaanza kuziba, mnashuka.

Sasa mi hesabu yangu huanzia mlangoni kwangu, sio uwanjani. Toka Rongai, nje kidogo ya Nairobi, Ijumaa jioni na mvua ile, weka masaa mawili, ekspresswei inamfaa zaidi anayetokea Westlands. Pale geti la JKIA abiria mnashushwa kwa gari mnapita kwa mashine na miguu yenu, dereva anawangoja mbele, mkifika ndani ni mshipi tena, viatu tena, na lazima uwe umefika mapema manake kaunta hufungwa. Ukijumlisha mpaka uingie kwa mamako Majengo kule Mombasa ni masaa matano hivi. Treni ya SGR, ile iliyoanza 2017, yenyewe ni kama masaa matano toka stesheni ya Nairobi kule Syokimau hadi ya Mombasa kule Miritini, ongeza matatu ya kwenda stesheni na kutoka. Kwahiyo ndege inashinda sawa, lakini kwa masaa matatu, na hayo matatu unayalipia vizuri sana. Mi kama sina haraka napanda treni, angalau naona ndovu wa Tsavo.

Kama unaenda Diani, kusini ng'ambo ya Likoni, ndo usikate tiketi ya Mombasa kabla hujafikiria. Utatua Mombasa alafu uanze kuitafuta feri ya Likoni na jua lile, au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo kusema kweli imesaidia. Kuna ndege za kwenda Ukunda moja kwa moja, kiwanja cha hapohapo Diani, zingine zatoka uwanja wa Wilson Nairobi, ukishuka hapo tuktuk tu ushafika ufuoni. Ila hizo ndogo za mapangaboi mzigo wanapima kikweli, na ukirudi ushafungashiwa nazi na achari huko kwa shangazi, utajua mwenyewe utamuachia nani.