Nilivyozikamilisha sehemu 79 za Star Trek kwa marudio tu

Mara ya kwanza kumwona Luteni Columbo, mpelelezi wa tamthilia ya Kimarekani, nilimkuta katikati. Nilikuwa natafuta kitu kingine, nikabonyeza rimoti, akatokea mzee wa koti lililokunjamana anamuuliza bwana mmoja tajiri maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Anaaga, anafika mlangoni, anageuka: ana jambo moja tu la mwisho. Nikaketi.

Saa nzima nilijiuliza kwa nini anamganda mtu mmoja tu, wakati mle ndani kulikuwa na mke, katibu na shemeji, na wote walionekana wana la kuficha. Mimi muuaji wangu nilishamchagua: shemeji. Nilikuwa tayari kuapa. Mwishoni akakamatwa yule yule tajiri, na hakuna aliyeshtuka. Nikalalamika kwa sauti: tamthilia gani hii isiyojua hata kuficha?

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. "Mjomba, umedandia treni kwa mbele," akaniambia. "Mauaji yanaonyeshwa mwanzoni kabisa. Muuaji unamjua kabla Columbo hajamjua. Wewe kazi yako ni kutazama anavyombana."

Yeye alikuwa shabiki wa vipindi hivyo siku nyingi. Mimi nilivipata kwa marudio, vilipokuwa vimeshaisha na baadhi ya waigizaji wake wameshafariki. Columbo peke yake ana sehemu 69, kuanzia filamu ya majaribio ya mwaka 1968 hadi ya mwisho mwaka 2003, na Peter Falk ndiye luteni katika zote, ndani ya koti lake mwenyewe alilokuja nalo kazini. Uzuri wake ni kwamba kila kesi inasimama peke yake. Unaweza kuanza na ya 1990 ukarudi ya 1971, ile aliyoiongoza Steven Spielberg akiwa bado kijana asiye na jina, na usipoteze kitu. Unachopoteza ni robo saa ya kwanza tu, ukichelewa. Tangu siku ile sikuchelewa tena.

Kumbe hiyo ilikuwa rahisi. Shughuli ilianza na Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani.

Chaneli moja ilikuwa ikiirusha Jumatatu hadi Ijumaa, saa ile ile, na mimi niliingia wiki isiyojulikana ya mzunguko usiojulikana. Mle ndani kuna chombo cha anga, nahodha anaitwa Kirk, msaidizi wake Spock ana masikio yaliyochongoka na hacheki, na daktari McCoy anagombana na Spock kuhusu kila kitu. Hilo nililielewa ndani ya dakika kumi. Nisichokielewa ni nani alikuja lini. Leo yupo kijana Mrusi mwenye nywele za kufunika paji la uso, kesho hayupo na hakuna anayemuulizia. Leo kuna karani wa kike anamletea nahodha karatasi za kusaini, wiki ijayo hayupo, na yeye pia hakuna anayemtafuta.

Nikachukua daftari. Nilichora mistari, nikaandika tarehe, jina la sehemu, na jambo moja la kuitambulisha. Sikuwa na orodha yoyote mkononi, na kwa ukaidi nilikataa kuitafuta kwenye intaneti, maana orodha zile zinakuja na muhtasari, na muhtasari unamwaga mtama wote. Nikaamua nitaipanga mwenyewe kwa kutazama.

Ishara ya kwanza niliipata kwenye majina ya mwanzo. Kuna sehemu zinazotaja William Shatner na Leonard Nimoy peke yao, na kuna nyingine zinaongeza la tatu, DeForest Kelley, yule daktari. Nikasema: bila shaka huyu alipandishwa cheo, hawezi kushushwa. Kwa hiyo zenye majina mawili ni za mwanzo. Kisha nikagundua kwamba yule Mrusi, Chekov, haonekani kamwe penye majina mawili. Naye basi ni wa msimu wa pili kwenda mbele. Ishara ya tatu ilinichukua muda zaidi: maandishi ya mwanzo huwa ya manjano, ila baadhi ya siku yanakuja ya bluu. Bluu ndiyo msimu wa tatu. Siku nilipolijua hilo nilimwita Mjomba kutoka chumba cha pili kuja kuona rangi ya herufi. Alikuja, akatazama, akarudi alikotoka bila kusema neno.

Sehemu moja ilinivuruga kabisa. Nguo za mabaharia hao wa anga zilikuwa na shingo ndefu ya kukunjwa, nyusi za Spock zimepanda kuliko kawaida, na daktari alikuwa mzee mwingine ambaye sikuwahi kumwona. Majina mawili, hakuna Chekov, maandishi ya manjano. Nikaona nimekosea mfumo mzima. Jibu nilikuja kulipata baadaye sana: ile ilitengenezwa mwaka 1965 kama jaribio la pili la kuishawishi televisheni ya NBC ya Marekani inunue kipindi, kabla waigizaji hawajakamilika. Ilirushwa ya tatu, Septemba 22, 1966. Hata waliokuwepo tangu siku ya kwanza waliipata nje ya mpangilio! Hapo roho ikatulia kidogo.

Hesabu nayo nilijifunza kwa daftari. Sehemu 79, tano kila wiki, zinaisha kwa wiki 16 pungufu ya siku moja. Ukikosa moja, andika na usubiri karibu miezi minne. Wafanyabiashara wa marudio kule Marekani walipenda kipindi kiwe na sehemu kama 100, yaani wiki 20 za kurusha kila siku ya kazi kabla mtazamaji hajaanza kuona vilevile. Star Trek haikufikisha. NBC iliifuta mwaka 1969 baada ya misimu mitatu, na huo wa tatu wenyewe ulipatikana kwa mashabiki kuandika barua nyingi, halafu ukapewa Ijumaa saa nne usiku, muda ambao vijana walioipenda hawakuwa nyumbani. Ilipendwa na umma mpana baada ya kufa, kwenye marudio ya miaka ya 1970, mpaka ikatengenezewa filamu mwaka 1979. Kwa hiyo mtu akiniambia nimechelewa, namwambia nimepita mlango ule ule waliopita wengi.

Na marudio yenyewe yana asili yake, ambayo nilifurahi kukuta inaigusa Star Trek. Mwaka 1951 mwigizaji Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz waliamua kurekodi kipindi chao cha vichekesho, I Love Lucy, kwa filamu halisi ya sinema, wakati vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja na kuishia hapo. Filamu ikabaki safi, ikarushwa tena na tena. Kampuni waliyoianzisha pamoja, Desilu, ndiyo iliyoitengeneza Star Trek miaka 15 baadaye.

Sasa niseme kilichoniudhi. Hadithi moja ya Star Trek ina vipande viwili, inaitwa "The Menagerie". Mimi nilikiona kipande cha pili kwanza. Wanamhukumu Spock kwa uasi, wanatazama picha za nahodha wa zamani kwenye skrini, na pembeni kuna mtu mwenye uso ulioungua, amekaa kwenye kiti kinachomfunika mpaka mabegani, mbele yake taa inawaka na kuzimika. Taa ile ya nini? Hakuna aliyeeleza, maana ilielezwa jana yake, na jana yake sikuwepo. Nikaandika kwenye daftari: "mtu wa taa???" Alama tatu za kuuliza.

Nikasubiri mzunguko. Wiki ilipofika, mpira uliokuwa ukirushwa kabla ukaingia muda wa nyongeza, kisha penalti. Chaneli ilipomalizana na mpira ikaunganisha katikati ya hadithi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikazima kwa hasira, maana sikutaka kuiona nusu. Miezi mingine minne.

"Shukuru ipo ya kusubiri," Mjomba akasema. Alikuwa anawakumbuka wapenzi wa Doctor Who, tamthilia ya Kiingereza ya kusafiri angani na katika wakati. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 ili zitumike tena, wakiamini hakuna atakayezirudia, na mpaka leo sehemu zaidi ya 90 hazijapatikana. Nakala zilizoonekana tena mara nyingi ni zile zilizouzwa nje kwa ajili ya kurushwa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zimepatikana Nigeria, kwenye kituo cha televisheni, juu ya rafu. Sikuwa na jibu. Nilikaa nikaiwazia ile rafu.

Kero ya pili ni kukatwa. Sehemu ya Star Trek ilikuwa na dakika kama 50, na saa moja ya siku hizi ikishawekewa matangazo haibakishi nafasi hiyo. Kwa hiyo wanapunguza, na wanapunguza pale wasipogombana na hadithi: Spock na McCoy wakitaniana, Kirk akiwa kimya anafikiri. Yaani wanakata vile nilivyokuja kuvitafuta. Nilipokuja kuziona baadhi zikiwa kamili, nilikutana na maongezi mazima ambayo sikujua yapo, katika sehemu nilizokuwa nimeshazipiga tiki mara tatu. Sikuzifuta tiki. Niliweka nukta pembeni.

Mzunguko wa tatu ulipokaribia nilikuwa na mistari 78 iliyojaa. Siku yenyewe niliketi nusu saa kabla, rimoti nimeikalia. Hakukuwa na mpira. Kipande cha kwanza kikaanza, Kirk na wenzake wakashuka kwenye kituo kimoja, wakapelekwa kumwona mtu kwenye kiti, na mkuu wa kituo akaeleza: aliungua na mionzi akiwaokoa vijana wake, mwili umekufa, akili iko nzima. Hawezi kusema. Ana taa tu. Ikiwaka mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Na yule nahodha wa zamani kwenye picha, mzima, anatembea, anabishana, ndiye huyu.

Nikaandika tarehe kwenye mstari wa 79, nikazifuta zile alama tatu za kuuliza. Mjomba alikuwa amelala kwenye kiti.

Kesho yake nikakitazama tena kipande cha pili. Mwishoni Kirk anamgeukia mtu wa kiti, anamuuliza kama kweli anataka kwenda kuishi kwenye ile sayari ya kwenye picha. Taa ikawaka. Nikasubiri ya pili, haikuja.