Jumba la akina Royall na mama aliyedai haki yake

Jamaa zetu wanaokuja kututembelea hapa Massachusetts huomba kwanza wapelekwe Harvard wakapige picha. Wangu nawapeleka pia Medford, kaskazini mwa Boston, wakaione nyumba ya akina Royall. Kwangu mimi, asiyeijua nyumba ile hajalijua jimbo hili, hata awe ameishi hapa miaka mingi.

Ardhi yake ilikuwa sehemu ya Ten Hills Farm, shamba alilopewa gavana John Winthrop mwaka 1631. Lilipita mikononi mwa watu kadhaa, na mwaka 1732 Isaac Royall akanunua ekari zipatazo 500 pamoja na nyumba ya matofali iliyokuwapo shambani. Akaipanua hadi ikawa jumba. Upande mmoja mbao zimechongwa zifanane na mawe, maana tajiri huyu alitaka aonekane kama mabwana wa Uingereza.

Utajiri wenyewe ulitoka Antigua, kisiwa cha Karibiani, kwenye miwa, ramu na biashara ya watumwa. Mwaka 1736 wakoloni wa kule walitangaza kwamba watumwa wanapanga uasi, wakawaua watu 88. Mwaka uliofuata Royall akahamia Medford na familia yake. Alikuja na Waafrika 27 aliowamiliki.

Nyuma ya jumba lipo jengo walimolala watumwa, lenye jiko pia. Inaaminika hakuna jingine la aina yake lililobaki kaskazini mwa Marekani. Wengi wanadhani utumwa ulikuwa wa kusini tu, kwenye pamba. Jengo lile limesimama hatua chache kutoka mlango wa bwana.

Baba alifariki mwaka 1739, mali ikaenda kwa mwanawe, Isaac pia. Huyu alisifiwa kwa ukarimu, na mji wa Royalston umepewa jina lake. Aprili 1775, siku chache kabla ya vita vya uhuru kuanza, aliondoka Medford na hakurudi tena. Jimbo likazikamata mali zake, naye akafia Uingereza mwaka 1781. Katika wasia wake alikiachia chuo cha Harvard ardhi, na thamani yake ikaanzisha nafasi ya profesa wa sheria mwaka 1815. Miaka miwili baadaye shule ya sheria ikafunguliwa. Miganda mitatu ya ngano ya ukoo wa Royall ilikuwa kwenye nembo ya shule hiyo hadi mwaka 2016, ilipoondolewa baada ya wanafunzi kupinga.

Anayenigusa zaidi ni Belinda, mmoja wa watumwa wa akina Royall. Nimekulia Unguja, ambako mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, kwa hiyo jumba la kifahari halinishangazi. Kinachonishangaza ni ombi lake la Februari 1783 kwa bunge la Massachusetts. Anaeleza kwamba utotoni, akiwa na wazazi wake kwenye ibada karibu na mto Volta, Ghana ya leo, alitekwa na Wazungu, watu wenye nyuso kama mwezi na silaha zenye ngurumo na umeme. Amewatumikia akina Royall miaka 50. Sasa yuko huru, ni mzee wa takriban miaka 70, ana binti mgonjwa, na hana hata tonge la utajiri alioujenga kwa mikono yake. Haombi sadaka mama huyu. Anadai ujira, mbele ya wabunge ambao wenyewe ndio kwanza wametoka kupigania uhuru wao. Chini ya hati ameweka alama ya X.

Bunge lilikubali alipwe pauni 15 na shilingi 12 kila mwaka kutoka mali za Royall. Malipo yalianza, kisha yakakatika. Akapeleka ombi jingine mwaka 1787. Akarudi tena 1788, 1790 na 1793, akidai pesa ambazo bunge lilikwisha kuziidhinisha.