Masaa 18 ya kwanza na trekta dogo, Kimbiji

Jumapili usiku. Nimeoga mara mbili na mchanga wa Kimbiji bado upo masikioni, mikono inanuka grisi, ila nimeona nisilale kabla sijaandika maana nikisema kesho, kesho yenyewe ni foleni na kazini na mpaka jioni nusu nitakuwa nimeshaisahau. Mita ya masaa kwenye trekta inasoma 18. Kumi na nane tu jamani, na mi naona kama nimeishi nalo mwaka mzima.

Ni lile trekta dogo nililokuwa nalililia tangu mwaka juzi. Nguvu za farasi 25, foo wili yaani tairi zote nne zinavuta, rotaveta nyuma, ile ya visu vya kuzunguka inayosaga udongo, basi. Sio yale makubwa unayoyaona kwenye mashamba ya mpunga huko Mbarali, hili ukisimama pembeni yake bega lako linalingana na usukani. Lakini shamba lenyewe ni ekari 5 alizotuachia marehemu baba, minazi mizee, mikorosho na mihogo, trekta kubwa likiingia humo litageuzia wapi? Na mwaka juzi ndo nilichoka kabisa, nilikodi trekta kwa ajili ya vuli, hela nikatoa yote mapema, naambiwa Jumamosi, Jumamosi ijayo, mara dereva anaumwa, lilipokuja mvua ilishanyesha ikakata na mbegu zangu ziko kwenye gunia sebuleni Temeke. Siku hiyo niliporudi nikiwa darajani Kurasini nikajisemea nitajinyima chochote lakini sirudii tena haya.

Lilikuja kwa Fuso, kupitia Kibada na Mwasonga. Tumefika dereva anataka kuweka mbao mbili trekta lishuke hivo hivo, mbao zenyewe nyembamba, roho ikanipasuka. Babu ndo aliyeokoa. Babu sio babu yangu wa damu, ni mzee aliyekuwa analiangalia shamba toka baba yuko hai, watu wote pale wanamwita Babu na mimi ni hivo hivo. Akasema, "Binti, mwambie arudishe gari mpaka pale kwenye tuta." Kweli kuna tuta la mchanga karibu na njia, Fuso ikarudi kinyumenyume mpaka kitako kikagusa tuta, trekta likatoka sawasawa kama mtu anavuka kizingiti cha mlango. Fundi wa dukani akanionyesha gia, klachi, na kile cha kunyanyulia rotaveta, dakika 20 hazikufika, akapanda Fuso akaondoka na yule dereva. Niliumia, maana mtu ametoa hela za miaka halafu anafundishwa kama anauziwa pasi.

Ikabidi nikae na kitabu cha trekta. Usiku tatu, simu mkononi natafuta maneno, lakini nashukuru nilikisoma kabla sijalima hata hatua moja. Masaa 50 ya kwanza ndo yanalijenga trekta. Usilibebeshe mzigo wa kulizidi, usipige resi mpaka mwisho, lakini pia usiliache linaunguruma limesimama muda mrefu, badilisha badilisha mwendo. Sababu yenyewe nilipoielewa nikaipenda: ringi za pistoni zinakuwa bado hazijakaa vizuri na ukuta wa silinda, zinasuguana taratibu mpaka zizoeane, na ule unga wa chuma unaosagika unaingia kwenye oili, ndo maana oili ya kwanza na filta yake unamwaga mapema, masaa 50 tu, wakati huko mbele inakaa muda mrefu zaidi. Halafu bolti za tairi, unazikaza upya baada ya masaa machache ya kwanza hata kama zilikazwa dukani. Nilidhani wameandika tu kujikinga. Nilipoweka spana kwenye tairi la nyuma kushoto, bolti mbili zikazunguka kama robo hivi. Nilikaa chini kwanza.

Sasa Jumamosi ya kwanza mimi nina hamu, nataka kulima tu. Babu akaniuliza, "Umelitembea shamba?" Nikamjibu Babu mi hili shamba nimekulia humu. Akanyamaza, ile kunyamaza ya watu wazima, halafu akaenda kuchukua panga.

Tulitembea kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tano. Ekari moja kwa huku kwetu ni hatua 70 kwa 70, sasa zidisha mara tano na kila hatua unapekua majani kwa mguu. Babu anajua kila mnazi uliokufa ulisimama wapi. Minazi ilikatwa, shina likaondolewa kwa juu, majani yakafunika, ila chini kisiki kipo, kimekaa hapo miaka na miaka. Anachoma kijiti, mimi nafunga kitambaa chekundu, nilichana shuka la zamani la watoto. Tulipata visiki 23. Kichuguu kimoja kimejificha kwenye mihogo. Shimo la zamani ambalo baba alikuwa anachimbia mboji, hilo sikuwahi hata kulisikia, na limekaa mahali ambapo mimi ndo ningegeuzia. Tairi la mbele lingeingia pale sijui ningekuwa naandika nini usiku huu.

Na bado cha 24 hatukukiona. Masaa 6 kwenye mita, naenda vizuri, udongo unatoka laini, mara paa! Rotaveta kimya, injini inaendelea. Moyo uliruka, nikajua nimeua mashine ya watu na deni bado. Nikakanyaga klachi, nikatoa PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye rotaveta, nikazima, nikachomoa ufunguo kabisa nikaweka mfukoni ndo nikashuka. Kumbe ni bolti moja ndogo kwenye shafti inayozungusha rotaveta, ile iliyowekwa makusudi ikatike ili gia boksi ipone. Imekatika safi kama biskuti. Ilifanya kazi yake.

Hapa niwaambie wenzangu mnaoanza. Pale kijijini kuna kijana ana vifaa vyake, mkarimu sana, akanipa bolti nyingine bure, akasema "weka hii mama, hii haikatiki maisha." Alinitakia mema kabisa. Lakini hilo ndo tatizo, ikishindwa kukatika bolti kitakatika kingine, na hicho kingine ni meno ya gia. Angalia kichwani mwa bolti, wameandika namba, ya kwangu ni 8.8, ile ya kijana ilikuwa 10.9, yaani ngumu zaidi. Nikamshukuru, nikaiweka kwenye kopo, Jumatatu nikapita Gerezani nikanunua kumi za 8.8 urefu ule ule. Moja nikaifunga, tano ziko kwenye boksi la chini ya kiti, nne nyumbani.

Kingine kilichonifundisha ni magugu ya ndago. Kona ya chini karibu na kisima imejaa ndago, na mimi nilikuwa naisubiri kona hiyo kwa hamu, nikasema leo nawasaga. Babu akachimba moja kwa panga akanionyesha. Chini ina vinundu vyeusi vimeungana kwa kamba nyembamba, kama shanga. Akasema ukisaga hivi vinundu unavipanda, kila kimoja kitatoa mche wake, na vingine vitanasa kwenye visu vya rotaveta uvipeleke kwenye mihogo mwenyewe. Nilitazama ile shanga ya vinundu kiganjani mwake nikaona jinsi ambavyo ningetoka na kona moja mbaya nikaingia na ekari 5 mbaya, kwa mkono wangu, kwa dizeli yangu. Kona ile tumeiacha. Tukimaliza masika kiangazi kikikaza tutaigeuza vinundu vitoke juu jua livikaushe, halafu tena, halafu tena, na visu tutavisafisha hapo hapo kabla trekta halijasogea popote.

Na udongo wa huku ni kichanga, nilitaka kupita mara mbili ili uwe mlaini upendeze. Niliposhika ulikuwa unga. Unapitia vidoleni. Mvua kubwa ikija juu ya unga ule utakwenda wote baharini, kwahiyo sasa napita mara moja, tena juu juu, na mabua nayaacha.

Kuna kitu kimoja bado kinanitetemesha. Mdogo wangu alikuja na chai, amejifunga khanga kiunoni, nyingine begani, anakuja kwa nyuma ananiita na mi sisikii kwa kelele. Rotaveta inazunguka. Ile shafti inapiga mizunguko 540 kwa dakika, nimepiga hesabu, ni mara 9 kwa sekunde moja. Ncha ya khanga ikigusa pale, kabla hujasema "hee" imeshajiviringisha mara tisa na mtu yuko ndani yake. Mimi niligeuka tu bahati nikamuona yuko kama hatua nne. Nilizima kila kitu. Nilimfokea mpaka akalia, halafu nikalia na mimi, tukanywa ile chai tumekaa chini ya mkorosho hatuongei. Tangu siku hiyo sheria ni moja, trekta likiwa linaunguruma hakuna anayesogea mpaka mimi nimuone, nizime, nimwite kwa mkono. Khanga, kanzu, kamba za viatu, nywele zisizofungwa, hapana. Na lile plastiki linalofunika shafti halitoki, hata likisumbua kutia grisi.

Mikorosho nayo. Matawi yako chini, ile nguzo ya chuma nyuma ya kiti inanasa, na watu wengi nimeona wanailaza moja kwa moja. Nguzo ile ndo inayokuokoa trekta likipinduka, ikiwa imesimama na wewe umefunga mkanda. Ukiilaza usifunge mkanda, maana likipinduka utabaki nalo hapo hapo. Mimi nimeamua kukata matawi. Babu hakupenda, korosho hizo alizipanda na baba, tulibishana mti mmoja mmoja, mingine alishinda yeye na huko trekta halipiti, tutalima kwa jembe.

Mengine ni ya kila asubuhi: oili, maji ya rejeta, kupangusa wavu wa mbele maana makapi yanaziba upesi joto linapanda, grisi kwenye nipo zote, vile vitundu vya kutilia grisi, dizeli kuichuja kwa kitambaa kutoka kwenye dumu na kuangalia kile kikombe cha chini ya filta ya dizeli kama kuna maji. Na pedo mbili za breki, kushoto na kulia, ukitoka shambani ukaingia njiani zifunge pamoja, ukikanyaga moja kwa mwendo litakurusha.

Sasa leo. Tumemaliza ekari ya pili saa tisa hivi, mawingu yameanza kujikusanya upande wa bahari, harufu ya mvua ipo ila haijaja. Babu akasema, taratibu, kama anaomba maji, "Binti, si nikae hapo pembeni twende wote mpaka nyumbani." Hapo pembeni ni juu ya bampa la tairi. Nikamwambia Babu haiwezekani, kiti ni kimoja, mtu akidondoka pale anaangukia tairi la nyuma. Hakujibu. Akachukua panga lake akaanza kutembea. Mzee amelima shamba hili kwa jembe la mkono zaidi ya miaka 30, amenionyesha visiki vyote, na mimi namwacha atembee nyuma ya moshi.

Nikazima. Nikamwita. Nikamwambia akae yeye.

Alikataa mara tatu. Mara ya nne akaniachia panga. Tulishafungua rotaveta, trekta liko tupu, nikamfunga mkanda, nikamwonyesha klachi mguu wa kushoto, breki mguu wa kulia. Kwenye kigingi cha gia kuna picha mbili, sungura na kobe. Akavitazama muda mrefu akaweka kidole kwenye kobe. "Huyu," akasema. Akaachia klachi kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao siku yangu ya kwanza, likaanza kwenda, pole pole kuliko mtu anavyotembea, mi niko pembeni mbali na tairi naenda sambamba naye. Hakuangalia mbele sana. Alikuwa anaangalia chini, kushoto, kulia, vitambaa vyekundu, anavipita kimoja kimoja, na kwenye ule mnazi mmoja mkubwa karibu na banda akasimamisha kabisa, akauangalia juu mpaka kileleni.

Akasema, "Huu baba yako alitaka kuukata. Nilimkatalia."

Halafu akaachia tena klachi. Tulipofika bandani mita ilikuwa imegeuka kutoka 17 kwenda 18.