Siku moja wodi ya watoto wenye saratani: "anti, miguu inakataa"

Saa 10:30 alfajiri niko macho maana naishi Chanika na ukichelewa dakika kumi tu foleni ya Gongo la Mboto inakumeza. Mi ni nesi, wodi ya watoto wanaotibiwa saratani hapa Dar, mwaka wa sita huu.

Saa 1:30 asubuhi, ripoti ya usiku. Mwenzangu ananiambia Kapteni (tunamwita hivyo, ana miaka 6 na jezi ya Simba haivui) amelala vibaya tena. Ana saratani ya damu, yuko kwenye dozi na anameza zile stiroidi ambazo zinawavimbisha mashavu na kuwapa njaa ya ajabu, basi saa 8 usiku kaamka anadai ugali na dagaa. Usiku wote huo dripu inapita, maji mengi, mkojo kila saa, afu saa 10 tunakuja sisi na kipimajoto, saa 12 tunakuja tena na sindano ya kutoa damu. Halafu asubuhi tunashangaa mtoto kachoka. Kwakweli hapo huwa najisikia vibaya kidogo.

Saa 2 napita vitandani, nafika kwa Kapteni, bibi yake kakaa pembeni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, ebu niamshie huyu mume wangu, anadeka tu, kule Kahama alikuwa anachunga mbuzi kutwa nzima hachoki." Yuko peke yake na mjukuu, kaja naye kwa basi, na anaogopa, ukimsikiliza vizuri unaona neno kudeka linaficha hofu yake. Namwambia bibi, ule uchovu ulioujua wewe wa jembe ukilala unaisha, huu wa kwake analala masaa kumi anaamka bado upo, maana dawa ikiua seli za ugonjwa inaua na zinazotengeneza damu, weka homa, weka kutapika, weka kutokula, weka kukaa kitandani mwezi mzima mpaka misuli inasinyaa. Bibi ananiangalia tu. Sijui kama kaniamini.

Watoto wenyewe wala hawasemi "nimechoka". Mwingine anageukia ukutani, mwingine anampiga mama yake, kuna binti mmoja alikuwa akiacha tu kusuka nywele za mwanasesere wake najua leo HB (kiwango cha damu) imeshuka. Kapteni yeye anasema "anti, miguu inakataa."

Saa 4 raundi. Majibu ya maabara: HB 6.2, viganja vyeupe kabisa. Daktari anaandika damu. Maabara wanasema kundi lake halipo, subirini, na bibi anaulizwa ndugu wa kuchangia, ndugu gani sasa na wote wako Kahama? Intern mmoja (daktari wa mafunzo kwa vitendo) kakunja mkono wa shati kaenda kutoa. Mungu ambariki yule kijana, ila hata yake mpaka ipimwe, siyo ya leo.

Saa 7 mchana imepatikana chupa kwingine, tunaanza. Dakika 15 za kwanza sitoki pale, nahesabu mapigo, naangalia kama anawashwa au anatetemeka, baadaye inakwenda taratibu kama masaa manne. Chai yangu ya saa 4 naiona bado mezani, imeota ngozi juu.

Saa 11 jioni damu imeisha, midomo imerudi rangi, nikasema haya Kapteni, twende dirishani tukaangalie bodaboda. Huwa tunawatembeza kidogo kidogo, maana kulala muda wote kunauongeza ule uchovu badala ya kuupunguza. Akashuka. Hatua ya tatu ndala ya kulia ikabaki nyuma. Nikamvalisha. Hatua mbili, ikabaki tena. Bibi akaanza "si nimekwambia, mvivu hata kunyanyua mguu..." na mi nikawa naangalia vile vidole, vinaburuta sakafuni, havipandi. Nikamwambia Kapteni tembea kwa visigino kama roboti, akajaribu, akashindwa, akacheka.

Hiyo siyo damu wala uvivu, ni vinkristini, mojawapo ya dawa zake za saratani, imegusa neva za miguu. (Ile dawa asili yake ni yale maua ya pinki ya petali tano yaliyojaa kwenye nyua zetu mjini, na mgonjwa huyohuyo inamsaidia huku inamlegeza kule.) Nikamwita daktari, akamtekenya nyayo, akagonga magoti kwa kile kinyundo, akaandika fiziotherapi kesho na kuangalia upya dozi inayofuata. Siku nne nzima mtoto anatuambia miguu inakataa na sisi tunaandika "mchovu" kwenye faili. Mi mwenyewe nimeliandika mara mbili.

Nilikata kipande cha bandeji nikaifunga ndala kwa nyuma ya kisigino. Bibi kimya, baadaye kidogo nikamsikia anamwambia "pole mume wangu."

Kabla sijatoka nikamwambia wa zamu ya usiku, joto, presha na dawa vyote vifanyike saa 4 usiku kwa mkupuo mmoja, daktari kakubali, asiamshwe mpaka alfajiri.

Saa 3 usiku ndo nafika Chanika, nikala nikalala. Asubuhi nakuta meseji ya wasap ya saa 8 usiku: "Hatujamwamsha. Kaamka mwenyewe, anataka dagaa."