Shimo la Mungu kutoka Mtwara: nenda kwa Tandahimba, rudi kwa Ndanda

Safari nyingi za Shimo la Mungu, ule ukingo uliokatika ghafla pembeni mwa mji wa Newala, huamuliwa Ijumaa jioni. Mmoja anauliza "kesho Newala?", wawili wanajibu "twende", na kufikia saa 3 usiku watu wanne wameshapatikana, gari limepatikana, ila hakuna aliyegusa spea tairi. Kuamua ghafla si tatizo. Newala ni takriban kilomita 140 kutoka Mtwara mjini, na wikiendi moja inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba wengi huenda kwa njia inayowanyima nusu ya walichokifuata.

Wenye kuogopa vumbi hupitia Mnazi Mmoja na Masasi kwa sababu ya lami, wakapanda Newala kutokea chini, wakapiga picha, wakageuza. Ushauri wangu ni huu: zunguka. Jumamosi nenda kwa Nanyamba, Tandahimba na Mahuta hadi Newala. Jumapili shuka Masasi, pita Ndanda, rudi Mtwara kwa Mnazi Mmoja. Mzunguko mzima ni kama kilomita 410.

Sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe. Uwanda wa Makonde umekaa kama bati la kibanda cha mgongo mmoja: upande wa chini umeelekea bahari, upande wa juu umeinuka kule Newala, ambako sehemu zake za juu zinakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Ukitokea Mtwara unalipanda bati hilo kwa upande wake wa chini, pole pole mno, hata gari halibadilishi sauti. Mikorosho, mihogo, vijiji, mikorosho tena. Washa kipimo cha mwinuko kwenye simu pale Mtwara, kisha ukitazame Nanyamba, Tandahimba na Mahuta. Namba inapanda na wewe huoni mlima wowote. Halafu unafika Newala, unashuka garini, unatembea kidogo, na ardhi inakatika. Mtu aliyepanda kutokea Masasi alishaliona genge hilo mbele yake saa nzima, kwa hiyo akifika juu hashtuki.

Sababu ya pili ni jua. Jumamosi asubuhi unaelekea kusini-magharibi, jua liko mgongoni. Jioni unakaa ukingoni jua likizama upande ule ule unaoutazama. Jumapili asubuhi unashuka kuelekea magharibi, jua bado liko nyuma, na mchana unarudi mashariki wakati limeshahamia upande wa pili. Dereva hachomwi macho hata mara moja. Na ya tatu: barabara ya vumbi unaimaliza ukiwa na nguvu, lami inakuja wakati umechoka.

Sasa gari. Kuanzia Juni hadi Oktoba hata gari dogo kama IST linafika, mradi dereva awe mvumilivu. Mvua zikishashika, Desemba hadi Aprili, tafuta gari la juu lenye magurudumu manne yanayovuta, au panda Kosta na uwaachie wanaoijua njia. Ijumaa usiku ule ule fanya mambo manne. Pima upepo wa tairi zote pamoja na spea, kwa maana spea nyingi hugunduliwa hazina upepo siku zinapohitajika. Legeza nati moja ya kila gurudumu kwa spana iliyomo garini, kisha ikaze tena. Nati zilizokazwa kwa mashine gereji mara nyingi hazitoki kwa mkono, na spana nyingine haiingii kabisa kwenye rimu za spoti. Ni afadhali ulijue hilo nyumbani. Tia kwenye buti kipande cha ubao mgumu, sentimita 30 kwa 30 na unene wa sentimita 3 hivi, cha kuweka chini ya jeki. Udongo wa huku ni wa kichanga, jeki huzama badala ya kuinua gari. Mwisho, jaza maji ya rejeta na ukung'ute eya klina. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwepo, na kila mtu abebe kitambulisho, maana mnaelekea mpakani na Msumbiji.

Jaza tangi Mtwara. Beba lita 20 za maji kwenye dumu, mbali na ya kunywa. Sababu yake nitaieleza mbele.

Ondoka saa 12 asubuhi. Kilomita 50 za kwanza, hadi Mnivata, ni lami. Kuanzia hapo hadi Masasi ni kilomita 160 ambazo ndizo zinazojengwa, kwa hiyo barabara hubadilika kila baada ya miezi michache: hapa imeshalainishwa, pale unatolewa pembeni kwenye njia ya mchepuko. Kiangazi watu huogopa vumbi wakasahau boza. Mkandarasi humwaga maji ili udongo ushikane, na ule wekundu ukilowa juu ukabaki mkavu chini, unateleza kama sabuni. Ukiona barabara imegeuka rangi mbele yako, punguza mwendo kabla hujaifikia. Ukishaingia, usikanyage breki. Ondoa mguu kwenye mafuta na shika usukani kwa utulivu.

Kwenye mchanga mwepesi wa njia za mchepuko kosa ni moja siku zote: gari linapopunguza nguvu, dereva anakanyaga mafuta. Gurudumu linazunguka mahali pamoja, linachimba, na baada ya sekunde kumi tumbo la gari limekaa juu ya mchanga. Ukihisi linazama, acha mara moja. Abiria washuke. Futa mchanga mbele na nyuma ya kila tairi na chini ya tumbo, kwa mikono au sahani. Punguza upepo, kama tairi lina psi 32, lishushe hadi 20. Tairi lenye upepo kidogo linatandaza unyayo wake, uzito unagawanyika, halichimbi tena. Kisha rudi nyuma kwanza, kwa kufuata alama zako mwenyewe, kwa sababu huko mchanga umeshashindiliwa. Ukishatoka usizidishe kilomita 40 kwa saa mpaka ujaze tena, maana tairi laini likikimbizwa linachemka na linaweza kuvuka rimu kwenye kona. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari inafaa sana hapa. Kama huna, ishia psi 22 na uende taratibu hadi kwa fundi pancha wa kijiji kinachofuata.

Kati ya Oktoba na Desemba malori ya korosho yanakuwa mengi, yamesheheni magunia, na kila lori linaburuta ukuta wa vumbi. Usilipite lori usiloona mbele yake. Washa taa, ongeza nafasi, ngoja upepo uhamishe vumbi upande mmoja au lori lipunguze mwendo likiingia kijijini. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za polisi za kupima mwendo zipo.

Ukishavuka Tandahimba, jaribu kuhesabu madaraja yenye mto unaotiririka. Ni nadra ukaliona hata moja. Juu ya uwanda huu mvua inanyesha vizuri, ila maji hayakai; udongo wa kichanga unayameza yote. Tazama nyumba za Mahuta na Newala: bati, mfereji wa bati uliofungwa ukingoni mwa paa, na kisima cha saruji kilichochimbwa uani, mfuniko juu, ndoo na kamba pembeni. Mvua ya msimu mmoja ndiyo inayosubiriwa humo. Kabla ya mabomba, wanawake wa Newala walishuka genge na kulipanda tena na mtungi kichwani, na mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni kuja juu ulianza miaka ya 1950. Ndiyo maana ya lile dumu. Ukifika gesti na maji yako ya kunawa, umewapunguzia wenyeji mzigo, na haikugharimu kitu.

Fika Newala kabla ya saa 9 alasiri, tafuta chumba kwanza, kula, kisha nenda ukingoni saa 10 na nusu. Bodaboda yeyote anapajua. Jua huzama saa 12 na dakika chache mwezi Juni, na karibu saa 12 na dakika 45 mwishoni mwa Desemba.

Jina lisikudanganye. Shimo la Mungu halikuchimbwa na kimondo wala si volkano. Ni sehemu ya ukingo wa uwanda iliyoliwa kwa ndani, ikabaki kama nusu bakuli kubwa iliyofunguka kuelekea bonde la Ruvuma. Yale maji yaliyomezwa na mchanga huku juu hushuka hadi yakutane na tabaka la udongo lisilopitisha, yakatokea ubavuni mwa genge kama chemchemi. Yakitoka, yanatoka na chembe za mchanga. Chini panakuwa na uwazi, juu panakosa wa kupabeba, panaporomoka. Mvua kubwa inamalizia kazi. Hivyo ukingo unarudi nyuma kuelekea mji, kidogo kidogo, na bado haujaacha.

Kwa sababu hiyo simama mita 3 nyuma ya mdomo wa genge, hata kama picha inakuita. Piga magoti utazame ule udongo: jiwe la mchanga jekundu, unaliona gumu, ukilikwaruza kwa kucha linatoka unga. Mara nyingi majani yameota hadi mwisho kabisa na mizizi yao imening'inia hewani chini yake. Unachokikanyaga hapo ni zulia tu. Baada ya mvua ni hatari zaidi. Watoto washikwe mkono.

Ukishatulia, ngoja. Upepo unapanda kutoka chini na kukupiga kidevuni. Mwewe wanazunguka na wewe unawaona migongo, kwani wako chini yako. Kiangazi hewa ikiwa safi, unaona bonde lote likienda hadi Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji, ambako nako kuna uwanda wa Mueda wenye Wamakonde vile vile. Upande wa Masasi, vilima vya mawe vimesimama kimoja kimoja juu ya tambarare kama mafiga. Agosti na Septemba moshi wa kuchoma mashamba hufunika mbali, kwa hiyo mwenye kutaka kuona Msumbiji achague Mei, Juni au mapema Julai.

Beba sweta. Kwa mwinuko huu Newala inaweza kuwa na nyuzi tano chini ya Mtwara, na ule upepo unaongeza. Mjerumani Karl Weule aliyekaa hapa mwaka 1906, akirekodi nyimbo za wenyeji kwa fonografu, alilalamikia sana upepo wa jioni.

Rudi ukingoni Jumapili saa 12 asubuhi. Hili wengi hulikosa kwa usingizi, na kwangu mimi linashinda hata machweo. Bonde limejaa ukungu hadi karibu na miguu yako, mweupe, umetulia. Jogoo wanawika chini yake na huvioni vijiji vyao. Kufikia saa 3 unakatika vipande na mashamba yanatokea. Ukungu ukipanda hadi barabarani, usianze kushuka mpaka uone mita 100 mbele.

Kushuka kuelekea Masasi, tia gia ndogo kabla mteremko haujaanza; gari la otomatiki weka L au 2. Anayeshuka kwa breki peke yake atazichemsha, kanyagio litaanza kuzama na harufu ya kuungua itaingia ndani. Ikitokea, simama mahali pana, wekea gurudumu jiwe, ngoja nusu saa. Usizimwagie maji, disiki inapinda.

Newala hadi Masasi ni kama kilomita 70. Kula Masasi, na ukikuta ming'oko ya kuchemsha, nunua; ni mzizi wa porini unaomenywa kwa vidole na kuliwa na chumvi na pilipili, na Mtwara mjini huipati ikiwa ya moto vile. Ukipewa uraka, pombe ya mabibo, msimu wa korosho, dereva apitishe.

Kisha Ndanda, kama kilomita 40 kutoka Masasi kwa barabara ya lami. Wabenediktini walianzisha misheni yao hapa mwaka 1906, chini kabisa ya genge la uwanda ule ule uliolala juu yake jana. Simama. Sikiliza. Huku chini maji yanatiririka, miti ni mizito, udongo ni mweusi. Ni mvua iliyonyesha kule juu, ikamezwa, ikasafiri gizani ndani ya mchanga na kutokea hapa. Omba ruhusa kwa wenyeji kabla ya kusogelea chemchemi au bwawa, usioge wala kuosha gari humo, watu wanayanywa.

Toka Ndanda saa 8 mchana, isizidi saa 9. Giza likiingia, baiskeli zisizo na taa na mbuzi waliolala kwenye lami yenye joto ndio hatari kubwa ya njia hii. Ukifika njia panda ya Mnazi Mmoja, kushoto ni Lindi, kulia ni Mtwara, kilomita 80 na kitu.