Vivutio Ninavyovichagua kwa Saa: Uzoefu Wangu wa Mapumziko Mafupi Mijini

Mapumziko ya mjini ninayoyapata huwa mafupi, kwani ninaondoka kazini Ijumaa jioni na Jumatatu ninatakiwa kuwa tena mezani pangu. Kwa muda kama huo, orodha za vivutio zinazopatikana intanetini hazinifai sana, kwa sababu hupangwa kwa umaarufu, na umaarufu hauelezi iwapo mlango utakuwa wazi siku nitakayofika, wala iwapo kivutio cha pili kiko upande huo huo wa mto. Nimezoea kuanza na swali jingine: katika mji huu, ni kitu gani chenye saa yake maalumu, ambacho saa hiyo ikipita sitakiona tena mpaka nipate safari nyingine? Hicho ndicho ninachokiandika kwanza, na mengine yote huyapanga kukizunguka.

Karibu kila mji una kitu cha namna hiyo. Jijini Prague kuna saa ya anga iliyo katika ukuta wa jumba la mji, ya mwaka 1410, ambapo kila saa inapogonga, kuanzia saa tatu asubuhi, sanamu za mitume hupita madirishani huku kiunzi cha mifupa kikivuta kamba ya kengele. Nairobi kuna kituo cha kulelea ndovu yatima ambacho huwapokea wageni waliojiandikisha mapema kwa muda wa saa moja tu, saa tano hadi saa sita mchana, wakati ndama hao wanapoletwa kunywa maziwa. Mnara wa Eiffel humetameta kwa dakika tano kila saa inapoanza baada ya giza kuingia. Matukio haya hayamchukulii mgeni muda mwingi, lakini yanaipa siku nguzo ya kusimamia, na mtu aliye na nguzo hababaiki njiani akiuliza sasa twende wapi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Greenwich, mashariki mwa London, ambako nilikwenda na mpwa wangu, binti wa shule ya sekondari ambaye alikuwa ameniambia waziwazi kwamba hataki siku nzima ya makumbusho. Juu ya kilima cha Greenwich kipo kituo cha kifalme cha kuchunguza nyota, kilichoanzishwa mwaka 1675, na juu ya paa lake umesimikwa mlingoti wenye tufe kubwa jekundu. Tangu mwaka 1833 tufe hilo limekuwa likishushwa kila siku saa saba kamili mchana, ili manahodha waliotia nanga katika mto Thames waweze kuzirekebisha saa za melini ambazo walizitegemea kukadiria longitudo, yaani wako mashariki au magharibi kiasi gani, wakiwa baharini. Kwa kuwa saa saba ilikuwa imekwisha kujulikana, asubuhi yote ilijipanga yenyewe: tulipanda boti katikati ya mji, tukapita chini ya daraja la Tower Bridge, tukashuka Greenwich tukiwa na muda wa kutosha kuitazama Cutty Sark, jahazi la mwaka 1869 lililokuwa likisafirisha chai kutoka China, ambalo sasa limeinuliwa kiasi kwamba mtu hutembea chini ya tumbo lake na kuliona lote lilivyofunikwa kwa bati la shaba.

Tulipanda kilima taratibu na kusimama nje ya ukuta, mahali ambapo tufe huonekana vizuri bila kiingilio chochote. Saa saba kasoro dakika tano likapanda hadi nusu ya mlingoti, na zilipobaki dakika mbili likafika juu kabisa. Mpwa wangu aliinua simu yake, akaishika hivyo hivyo, kisha akanong'ona, "Mjomba, na lisipoanguka je?" Lilianguka. Halianguki kwa kishindo, bali huteremka tu, na watu waliokusanyika wakacheka kidogo, pengine kwa kuona walivyosubiri kwa hamu jambo dogo namna hiyo. Niseme ukweli, saa ile ya Prague ina mambo mengi zaidi ya kutazama, lakini tufe hili lina faida moja: ukishaelezwa lilikuwa na kazi gani, unaanza kuuona mto ule ulio chini ukiwa umejaa meli.

Uani mwa kituo hicho umechorwa mstari wa longitudo sifuri, uliokubaliwa na mkutano wa mataifa mwaka 1884, na wageni hupanga foleni ili wapigwe picha mguu mmoja ukiwa mashariki na mwingine magharibi. Hapo ndipo mpwa wangu alipogundua kwamba simu yake haikubaliani na mstari, kwa kuwa mfumo wa satelaiti huweka sifuri yake takriban mita 100 upande wa mashariki, ndani ya bustani, mahali pasipo na alama yoyote. Tulitembea huku akisoma tarakimu hadi zikafika sifuri, karibu na njia ya watembea kwa miguu, na akapiga picha yake pale, peke yake, bila foleni. Kwake hiyo ilikuwa burudani kubwa kuliko yote tuliyoyalipia.

Kurudi hatukurudi kwa boti. Chini ya mto Thames, kutoka Greenwich hadi ng'ambo, kuna njia ya waenda kwa miguu iliyofunguliwa mwaka 1902 kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wakivuka kwenda bandarini. Ina urefu wa takriban mita 370, imepambwa vigae vyeupe kila upande, na sauti ya mtu anayekohoa upande wa pili hukufikia kana kwamba yuko begani kwako. Ng'ambo unapoibuka, ukigeuka nyuma unayaona majengo yote ya Greenwich yakiwa yamejipanga juu ya maji, na hatua chache mbele kuna kituo cha treni inayojiendesha yenyewe, ambayo kiti chake cha mbele kabisa hugombewa na watoto, na wajomba vilevile.

Baada ya kupata nguzo ya siku, jambo la pili ninaloliangalia ni siku ambazo milango hufungwa. Hapa wageni wa siku chache huumia kuliko wengine, maana mwenye wiki nzima akikuta pamefungwa atarudi kesho. Jijini Paris, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, ilhali makumbusho ya Orsay, yaliyo ng'ambo ya mto kutoka hapo, hufungwa Jumatatu. Kasri la Topkapı mjini Istanbul nalo hufungwa Jumanne, na lile Soko Kubwa la mji huo hufungwa Jumapili. Makumbusho ya Vatikani hayafunguliwi Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Kwa upande wa pili, makumbusho mengi makubwa huwa na siku ya kufunga kwa kuchelewa, na siku hizo ni hazina kwa mtu aliyefika mjini mchana: Louvre huendelea hadi saa tatu usiku Jumatano na Ijumaa, na Orsay hadi saa nne kasoro robo usiku Alhamisi. Nilipopata nafasi ya kwenda Paris nikaiongeza Alhamisi kwenye likizo yangu, na jioni hiyo ndiyo niliyoitumia Orsay, baada ya makundi ya watalii kuondoka.

Jumba hilo lilijengwa kuwa stesheni ya treni na kufunguliwa mwaka 1900, na halikuwa makumbusho hadi mwaka 1986. Ghorofa ya juu zimebaki saa kubwa za kioo zilizokuwa zikiwaonyesha abiria wakati, na mtu aliye ndani anaiona saa kwa nyuma, mishale ikienda kinyume na alivyozoea, huku kupitia kioo chake akiuona mto Seine na, ng'ambo yake, Louvre. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya mchoro wowote. Siamini kwamba mtu aliye katika mapumziko mafupi analazimika kumaliza jumba la makumbusho. Louvre peke yake ina maelfu kwa maelfu ya vitu vilivyowekwa hadharani, na Mona Lisa, ambayo wengi huikimbilia, ni mchoro wenye upana wa sentimita 53 tu, unaotazamwa kupitia vichwa vya watu. Mimi huchagua ghorofa moja au chumba kimoja, nikatoka nikiwa bado nina hamu.

Kuhusu tiketi, kuna vivutio ambavyo havikubali mgeni wa kubahatisha. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam, alikojificha msichana huyo wa Kiyahudi akiandika shajara yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, huuza tiketi zake kwa njia ya mtandao pekee, na huzitoa kila Jumanne kwa ajili ya siku zilizo wiki sita mbele. Kuba la kioo la bunge la Ujerumani mjini Berlin halina kiingilio, lakini lazima mtu awe amejiandikisha kabla. Vitu kama hivyo huvishughulikia kabla hata ya kutafuta hoteli, kwa sababu hoteli zipo nyingi na kuba ni moja. Zile kadi za mji, zinazompa mgeni ruhusa ya kuingia sehemu nyingi kwa malipo ya mara moja, sizipendi kwa safari fupi. Zinamfanya mtu akimbie huku na huko ili pesa yake isipotee, na mapumziko yanageuka kuwa kazi ya kuhesabu milango.

Kila mji pia huwa ninatafuta mahali pa juu, na hapa saa hushindwa nguvu na hali ya hewa. Mlima wa Meza, unaosimama juu ya Cape Town kwa mita 1,086, hupandwa kwa gari la kebo ambalo sakafu yake huzunguka ili kila abiria aone pande zote, lakini upepo ukizidi gari hilo husimamishwa bila mjadala. Kwa hiyo mlima, mnara au kilima sikipangii saa. Hukiweka pembeni, na asubuhi ya kwanza anga ikiwa safi ninakwenda mara moja, hata kama ratiba ilisema vingine, kwa sababu jumba la makumbusho litakuwa palepale mvua ikinyesha.

Vivutio ninavyoviacha bila majuto ni majumba ya sanamu za nta na mabasi ya wazi ya kuzungusha watalii. Ya kwanza yanafanana mji hadi mji, na ya pili hukwama kwenye msongamano ule ule wa magari ambao mtu alitaka kuukimbia. Bustani za burudani sizidharau, hasa ninapokuwa na watoto: Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, iko jirani kabisa na stesheni kuu ya treni, na ukaribu wa namna hiyo kwa safari fupi una thamani kubwa kuliko ukubwa wa bembea.

Siku ya kuondoka huwa sinunui tiketi yoyote yenye saa. Mawazo yako kwenye ndege, begi liko hotelini au stesheni, na dakika kumi za kuchelewa zinatosha kumharibia mtu kila kitu. Nafasi hiyo huvipa vivuko vya kawaida, yaani vile ambavyo wenyeji huvitumia kwenda kazini: kile cha Staten Island jijini New York, ambacho hakitozi nauli na hupita mbele ya Sanamu ya Uhuru katika safari ya takriban dakika 25, vile vya Star Ferry vya Hong Kong, au vile vya Istanbul vinavyotoka Eminönü hadi Kadıköy, bara moja hadi jingine, kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kivuko kimoja kikiondoka, kingine huja baada ya muda mfupi, kwa hiyo hakuna cha kukosa. Ninakaa upande wenye mandhari wakati wa kwenda, ninahamia upande wa pili wakati wa kurudi, na nikishuka gatini ninakwenda moja kwa moja kuchukua begi langu.